Fyuzi ya Karatasi

Kuku mwekundu alikuwa ametaga tena kwenye kiti cha dereva.

Shemeji aliinua ncha ya turubai, akapenyeza mkono dirishani, akatoa yai. Lilikuwa bado na joto. Kisha akaegemea mlango wa gari, akavuta pumzi. Kutoka jikoni hadi pale ni hatua ishirini tu. Zamani alizipiga huku akiimba. Sasa ilimbidi apumzike katikati, kama mtu anayepanda ngazi na gunia kichwani.

"Shemeji!" aliita. "Mwenzako yuko kazini tangu alfajiri. Kashika usukani, na mzigo keshashusha. Wewe bado umekaa tu?"

"Mwache afanye kazi," mume wa dada yake alijibu kutoka kibarazani. "Yeye hana mkubwa wa kumwambia njoo kesho."

Hivyo ndivyo siku zilivyoanza katika nyumba ile. Mzaha kidogo, chai, halafu kimya kirefu.

Mwanamume huyo aliendesha magari ya idara ya barabara kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa amestaafu, lakini watu waliendelea kumwita Dereva. Gari lililokuwa chini ya turubai aliliita Kobe. Lilikuwa gari la kwendea njia mbovu, zito, la bati nene. Magurudumu yake yote manne yalivuta. Lilipanda popote, polepole, bila kulalamika.

Siku Dereva alipostaafu, wakubwa walimpa mkono, wakampa hotuba, wakampa na Kobe, maana Kobe naye alikuwa amechoka.

"Mbwa hupewa mfupa nyama ikishaisha," Dereva alipenda kusema. "Mimi mfupa wangu ndio huo."

Mkewe alifariki miezi minane iliyopita. Alifariki ndani ya Kobe.

Ilikuwa saa nane mchana. Moyo wa mama huyo, ambao ulikuwa ukimsumbua kwa muda mrefu, ulianza kwenda mbio, kisha ukawa kama unasahau kupiga. Dereva alimlaza kiti cha nyuma. Kichwa chake kililala mapajani mwa mdogo wake, ambaye ndiye Shemeji. Hospitali iko ng'ambo ya kilima cha mawe. Barabara ya kilima hicho haijaona greda kwa miaka mingi, ingawa ofisi ya idara ya barabara iko mwendo mfupi tu kutoka hapo. Walipofika katikati ya mlima, moshi ulitoka chini ya dashibodi. Plastiki ikanuka. Injini ikazimika.

Dereva aliwasha, akawasha, akawasha. Kobe hakuitika hata kwa kikohozi.

Lori la mchanga lilipotokea, jua lilikuwa limelala upande, na hapakuwa tena na haja ya kuharakisha.

Lori hilo ndilo lililomvuta Kobe hadi uani. Dereva alimfunika turubai. Tangu siku ile hakumgusa, na hakutaka mtu amguse.

"Wakubwa ndio waliomuua," alimwambia kila aliyekuja kumpa pole. "Gari bovu walinipa wao. Barabara mbovu ni yao. Wao wanapanda magari mapya, vioo juu, hata shimo hawalioni."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hayakumfikisha mtu hospitali. Na sasa ugonjwa uleule ulikuwa umebisha hodi kwa Shemeji. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: moyo wake uangaliwe kila mwezi, na siku miguu ikivimba au pumzi ikiwa fupi, asikae nyumbani. Mwezi wa kwanza alipelekwa na trekta. Mwezi wa pili hakupata chombo.

Asubuhi ile Dereva aliitazama miguu ya Shemeji alipokuja na yai mkononi.

"Imevimba."

"Ni viatu ndivyo vimepungua," Shemeji alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Leo Jumatatu," Shemeji aliendelea. "Alhamisi ndiyo siku yangu ya daktari. Nimemwita fundi aje amwangalie Kobe."

Dereva alisimama. "Nani kakuruhusu?"

"Moyo wangu."

"Gari hilo haligusiki, Shemeji. Nimeshasema."

"Sawa. Basi Alhamisi nitakwenda kwa miguu. Nikianguka pale kilimani, nizikeni palepale. Usihangaike kusimamisha lori."

Dereva alishuka kibarazani bila viatu, akaenda uani, akalishika turubai kwa mikono miwili na kulivuta. Kuku mwekundu akaruka kupitia dirishani, akitukana kwa lugha yake.

* * *

Fundi alikuwa jirani wa nyuma ya ukuta. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi wa umeme wa magari. Watu walimwita Cheche, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake. Vifaa vyake alivibeba ndani ya mkoba wa zamani wa shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari ndilo hilo. Limekufa."

"Kabla ya kufa lilikuwa likiumwa nini?"

Dereva alikunja uso. "Hutaki kufungua boneti kwanza?"

"Boneti haikimbii. Mgonjwa huulizwa kwanza. Akiwa hasemi, huulizwa aliyelala naye nyumba moja."

Shemeji alicheka hadi akakohoa. Dereva hakucheka, lakini alikaa juu ya tairi kuukuu akaanza kueleza. Kabla ya siku ile mbaya, honi ya Kobe ilikuwa na tabia ya kukata. Taa za breki pia. Kwenye barabara laini hapakuwa na shida. Shida ilikuja kwenye mawe na mashimo. Kobe akirushwarushwa, fyuzi inaungua, honi inanyamaza.

"Umenipa nusu ya dawa, mzee," Cheche alisema. "Ugonjwa unaokuja gari likitikisika ni wa waya unaocheza. Ama umelegea mahali, ama unasuguliwa na kitu."

Alifungua boneti. Dereva, kwa mazoea, alichukua spana akainama kufungua betri. Alianza na upande wenye alama ya kujumlisha.

"Hapana, mzee! Anza na hasi. Ule wenye alama ya kutoa."

"Kuna tofauti gani? Si zote zitatoka?"

"Bodi lote la gari limeunganishwa na hasi. Ukifungua chanya kwanza, spana yako ikagusa bodi, cheche itaruka. Inaweza kukuunguza, au kulipua betri usoni. Hasi ikitoka kwanza, spana iguse itakapo, hakuna kitu. Kutoa, hasi kwanza. Kurudisha, hasi mwisho."

Miaka ishirini na tisa, na hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumwambia hivyo. Dereva akabadilisha upande.

Cheche alipiga magoti kando ya usukani. Akafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi za Kobe zilikuwa za zamani, vijibomba vidogo vya kioo vyenye uzi mwembamba ndani. Alizitazama moja moja kwa tochi. Ya tatu aliichomoa, akaiweka kwenye kiganja. Hakukuonekana kioo wala uzi. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya kung'aa, ile ya ndani ya pakiti za majani ya chai.

"Nani alifunga hii?"

"Ofisi," Dereva alijibu upesi.

"Ofisi ina vidole?"

Shemeji alitazama chini.

"Nimesema ofisi!" Dereva alipandisha sauti. "Gereji ya idara ilikaa mwaka mzima bila fyuzi. Niliandika barua. Tatu! Mkuu wa Magari akaniita, akacheka mbele ya watu. Akasema, 'Hatuna fyuzi, tuna madereva wajanja.' Basi tukawa wajanja. Kila dereva pale alitembea na karatasi hii kwenye mfuko wa shati. Tuliiita dawa. Fyuzi ikikata, unaizungushia dawa, unaondoka."

Cheche hakubishana naye. Aliigeuza fyuzi kwenye mwanga.

"Mzee, fyuzi imetengenezwa ife. Kazi yake ni hiyo tu. Waya ukigusa bodi, umeme mwingi unakimbia mahali pasipo pake, na waya unaanza kupata moto. Uzi wa fyuzi ni mwembamba kuliko waya, kwa hiyo unakatika kwanza. Unakufa ili waya usiungue. Ukiufunga karatasi, umemfunga mlinzi kamba. Moto unapita, unayeyusha waya wa honi. Na waya wa honi haulali peke yake. Umefungwa kwenye fungu moja na wenzake." Alivuta fungu la nyaya chini ya dashibodi. Lilitoka jeusi, limegandamana kama nta. "Ona. Huu ndio waya wa honi. Na huu uliolala nao ni waya unaopeleka umeme kwenye koili inayoipa injini cheche. Umeungua pamoja nao. Ndiyo maana injini ilizimika."

Dereva alikuwa ameshika ukingo wa mlango.

"Kwa hiyo fyuzi ingekatika…" alisema polepole.

"Honi ingenyamaza. Taa za breki zingezimika. Basi." Cheche bado alikuwa ameinama, macho kwenye nyaya. "Injini isingejua hata kama kuna lililotokea. Ingevuta tu mpaka hospitali."

Kisha akainua kichwa, akaona nyuso zao.

"Mzee… samahani. Sikufikiri."

"Umesema kweli," Dereva alisema. Akageuka, akaingia ndani ya nyumba.

* * *

Juu ya rafu ya jikoni palikuwa na kikopo cha bati cha maziwa ya unga. Kwa miezi minane Dereva alikipita bila kukitazama. Sasa alikishusha, akakifungua.

Ndani mlikuwa na karatasi za kung'aa, rundo zima. Kila moja ilikuwa imelainishwa kwa ukucha hadi haina kunyanzi, ikakatwa sawasawa, ikapangwa juu ya mwenzake. Mkewe hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kila pakiti ya chai ilipokwisha, aliipasua, akaitoa karatasi, akaipiga pasi kwa kidole gumba. "Dawa ya Kobe hii," alikuwa akisema. "Gari lako lina mganga wake."

Na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya honi.

Kila jioni, kwa miaka yote ya ndoa yao, Dereva alipofika kona ya mwisho alipiga honi mara mbili. Mkewe akisikia, anainjika maji ya chai. Dereva akifika mlangoni, maji yanaanza kuimba. Mwaka wa mwisho honi ilipoanza kukata, mkewe alimpokea na mikono kiunoni. "Leo umekuja kimya kama mwizi. Maji sijaweka. Utakunywa nini, macho yangu?" Walicheka. Kesho yake Dereva akaizungushia fyuzi karatasi. Honi ikalia. Maji yakaimba.

Shemeji alimkuta amekaa juu ya kigoda, kikopo mapajani.

"Si ofisi," Dereva alisema bila kuinua macho. "Hii ya mwisho si ofisi, Shemeji. Nilikuwa nimeshastaafu. Duka la vipuri liko njia panda, nalipita kila siku. Sikuingia hata mara moja kuuliza fyuzi. Nilifunga mimi. Kwa vidole hivi. Nimewatukana watu miezi minane, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kilikuwa mfukoni mwa shati."

Shemeji alikaa sakafuni, akanyoosha miguu yake iliyovimba.

"Unaziona hizi za juu, zilizokatwa vibaya?" alisema. "Hizo nilikata mimi. Dada alikuwa akinisema kwamba mkono wangu mzito. Tulikaa hapahapa, tunapasua pakiti, tunacheka. Kama ni kesi, tuko watatu kizimbani, na mmoja ameshaachiwa."

"Hukujua."

"Na wewe ulijua?"

Dereva alitikisa kichwa.

"Basi."

"Na wakubwa?" Dereva aliuliza baadaye. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto anayeogopa kunyang'anywa kitu.

"Wakubwa wamo. Usiwatoe. Mtu aliyekufundisha ujinga miaka ishirini na tisa, tena akakupigia makofi, ana fungu lake mbele ya Mungu. Barabara nayo wataijibu." Shemeji alipumzika kidogo, akahema. "Lakini Alhamisi hawaji kunibeba, Shemeji. Atakayenibeba ni wewe."

Dereva alilia. Hakulia siku ya mazishi. Siku ile alikuwa na hasira, na hasira ni kizibo. Sasa kizibo kilitoka. Shemeji hakumwambia anyamaze. Alikichukua kikopo taratibu, akakifunika.

Nje, Cheche alikuwa amekusanya vifaa vyake, hajui abaki au aondoke. Dereva alitoka, macho mekundu.

"Fundi, unakwenda wapi? Nifundishe. Yote. Sitaki kushika tochi tu."

* * *

Walifanya kazi siku mbili.

Kwanza walikata kipande chote cha nyaya zilizoungua. Cheche alimpa Dereva nyaya mpya azipime kwa vidole. Waya mpya uwe mnene kama wa zamani, au uzidi kidogo. Ukiwa mwembamba, utapata moto. Dereva alitaka kuunganisha kwa kusokota na kufunga utepe, kama walivyofanya gerejini.

"Utepe unashika leo," Cheche alisema. "Kesho joto la injini linaulegeza, vumbi linaingia, maji yanafuata. Bana kiungo kwa kishikizo cha shaba, au kichomee risasi iliyoyeyushwa. Halafu kivalishe mpira huu. Ukipashwa moto unajibana wenyewe."

Jumanne mchana nyaya mpya zilikuwa mahali pake. Dereva alijipangusa mikono.

"Basi, tumemaliza. Niweke fyuzi?"

"Weka fyuzi uiunguze? Mzee, tuliloziba ni kovu. Kidonda bado hatujakiona. Kwa nini fyuzi ilikuwa inaungua?"

Hilo ndilo swali ambalo Dereva hakuwahi kujiuliza hata mara moja.

Cheche alitoa mkobani taa ya kupimia. Ilikuwa balbu ndogo yenye nyaya mbili, kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukitengeneza. Waya mmoja ukishikwa kwenye bati tupu la gari, na mwingine ukigusa mahali penye umeme, balbu inawaka. Pasipo na umeme, haiwaki. Lakini siku hiyo aliitumia kwa njia nyingine. Aliiweka mahali pa ile fyuzi, waya mmoja huku na mwingine kule.

"Sasa rudisha betri. Hasi mwisho. Mama, wewe kaa kwenye usukani uitazame balbu. Usiguse honi wala breki. Hakuna kinachotumika, kwa hiyo balbu isiwake. Ikiwaka, kuna umeme unatoroka."

Shemeji alimfukuza kuku, akakaa. "Haijawaka," alitangaza.

Cheche na Dereva waliinama kwenye injini. Dereva alilishika fungu la nyaya, akaanza kulitikisa kidogokidogo, kuanzia kwenye honi kurudi nyuma.

"Hapo?"

"Bado."

"Hapa je?"

"Bado. Mnatikisa au mnabembeleza?"

Mkono wa Dereva ulifika kwenye bati linalotenga injini na chumba cha abiria. Nyaya zilipita hapo kwenye tundu. Akatikisa.

"Imewaka!" Shemeji alipiga kelele. "Imezimika. Imewaka tena! Hapohapo, Shemeji, usiondoe mkono!"

Cheche alimulika tochi. Tundu lilikuwa wazi, kingo zake kali kama kisu. Waya wa honi ulikuwa umeliwa ngozi mahali pamoja, upana wa punje ya mchele, shaba yake ikionekana.

"Hapa palikuwa na mpira wa duara," Cheche alisema. "Mpira wa kuzuia bati lisikate nyaya. Ulizeeka ukadondoka. Kila shimo la barabara, bati lilikuwa linausaga waya. Ukigusa, fyuzi inakufa. Fyuzi ilikuwa inakuambia, mzee. Kila ilipoungua, ilikuwa inakuita."

Dereva aliutazama ule mwanya mdogo. Alikuwa amefikiri kwamba kitu kilichomchukua mkewe ni kikubwa. Angalau kiwe kikubwa kama ofisi. Kumbe ni mpira unaotosha kuvaliwa kidoleni.

"Nilifunga mdomo wake," alisema. "Fyuzi. Iliniita, nikaifunga mdomo."

Walitoa tena hasi ya betri. Walikata sehemu iliyoliwa, wakaunganisha, wakavalisha tundu mpira mpya, wakafunga nyaya mbali na bomba la moshi. Kisha Cheche alimwonyesha waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Kichwa chake kilikuwa na ukungu wa kijani. Dereva aliusugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akaukaza vizuri. Mafundi wengi husahau waya huo, Cheche alisema, na taa zikififia huilaumu betri bure.

Mwisho alimpa fyuzi mpya ya kioo.

"Soma."

Dereva aliisogeza karibu na jicho. "Ampea kumi na tano."

"Kile kifuniko cha kisanduku kimeandikwa ngapi?"

"Kumi na tano."

"Basi ni kumi na tano milele. Usiongeze hata moja. Ikiungua, weka nyingine. Ikiungua tena, simama utafute kwa nini. Na ukiona moshi, zima gari, toa hasi kama unaweza kufika bila kuungua, na watu wote washuke."

Dereva aliweka fyuzi. Akazungusha ufunguo. Kobe alikohoa, akakataa, akakohoa tena. Halafu akanguruma, na bati lake lote likatetemeka kama mnyama aliyetoka majini.

Shemeji alizunguka nyuma. "Kanyaga breki! Zinawaka! Zote mbili!"

"Bado honi," Cheche alisema.

Dereva aliondoa mikono kwenye usukani.

Cheche alimtazama. Hakusisitiza. "Nimeipima kwa taa, umeme unafika," alisema. "Kuibonyeza nakuachia wewe."

* * *

Alhamisi walipanda kilima cha mawe saa mbili asubuhi. Shemeji alikaa mbele. Walipofika pale katikati, penye jiwe lililobaki na alama nyeupe ya rangi ya lile lori la mchanga, Dereva alishika usukani hadi viungo vya vidole vikapauka. Kobe alirushwa kushoto, akarushwa kulia. Injini haikukata. Walipita. Mbele paa la hospitali likaonekana.

Daktari alimpima Shemeji, akamtazama Dereva juu ya miwani.

"Mngechelewa hadi wiki ijayo, nisingekuahidi kitu. Maji yalikuwa yameanza kupanda kwenye mapafu."

Walimlaza siku nne, wakambadilishia dawa. Siku ya tano Dereva alikwenda kumchukua. Miguu yake ilikuwa imerudi kuwa miguu.

Kabla ya kwenda nyumbani, Dereva alisimama kwenye lango la gereji ya idara. Madereva walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri wakubwa. Walimpokea kwa kelele. "Kobe kafufuka!" Dereva hakucheka. Alitoa mfukoni ile fyuzi ya zamani, bado na karatasi yake.

"Hii ndiyo dawa yetu," alisema. "Imemuua mke wangu."

Aliwaeleza kama Cheche alivyomweleza yeye, kwa maneno yaleyale. Dereva mmoja mnene aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi yake ya kung'aa, akaitazama kama anayemtazama nyoka. Mwingine akauliza, "Sasa mkubwa akisema hakuna fyuzi?"

"Gari lisitoke. Akitaka litoke, aliendeshe yeye."

Barua ya nne kwa Mkuu wa Magari aliiandika siku hiyohiyo, kwa kalamu aliyoazima pale langoni. Mpaka leo haijajibiwa.

Kisha wakaelekea nyumbani. Shemeji alisinzia, kichwa kikigonga dirisha. Chini ya kiti cha Dereva, kile kikopo cha maziwa ya unga kililia kwa kila shimo. Ndani yake sasa mlikuwa na fyuzi za kioo, za kumi na tano, zimeviringishwa kwenye kitambaa alichokuwa akijifunga mkewe kichwani.

Walifika kona ya mwisho. Dereva hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote.

Kobe akalia mara mbili.

Shemeji alifungua macho. Nyumba ilionekana kule mbele, mlango umefungwa, bomba la moshi la jiko halitoi kitu. Dereva alisimamisha gari, wakasikiliza, kana kwamba mtu anaweza kuitika.

"Shemeji," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nani atainjika maji, na wote tumo ndani ya gari?"

Dereva alifuta uso kwa mkono wa shati. Akaingiza gia.

"Nitainjika mimi," alisema. "Nimeshasikia honi."